Sura ya 6: Leseni Haihami na Mwenyewe

Mji wa Bristol umekatwa katikati na barabara iitwayo State Street, na kwenye mstari wa kati wa lami yake zimepachikwa alama ndogo za shaba. Kaskazini ya alama hizo ni jimbo la Virginia. Kusini yake ni Tennessee. Mkazi wa Bristol anaweza kunywa chai Virginia, akavuka barabara akanunua viatu Tennessee, na kitu pekee kitakachomwonyesha kwamba amehama jimbo ni kodi iliyoandikwa kwenye risiti.

Dalali wa nyumba hana uhuru huo. Mwenye leseni ya Virginia peke yake akisimama dirishani mwa ofisi yake anaweza kuhesabu nyumba za ng'ambo moja moja, lakini haruhusiwi kuuza hata moja. Haruhusiwi kumtembeza mnunuzi ndani yake wala kujadili bei kwa niaba ya mwenye nyumba, na asijaribu kudai kamisheni. Ili avuke hatua hizo chache kikazi inambidi aombe leseni ya Tennessee. Hapo atafanya mtihani wa sheria za Tennessee, atapigwa alama za vidole, atalipa ada, na atakata bima ya makosa ya kikazi, ambayo Tennessee inailazimisha na Virginia hailazimishi. Kwa anayeanza kabisa tofauti ni kubwa zaidi: Virginia humtaka asome saa 60 kabla ya leseni, Tennessee saa 90.

Bristol haiko peke yake. Kansas City imelala juu ya mpaka wa Missouri na Kansas, na mawakala wengi wa huko wana leseni mbili, kwa sababu mteja anayetafuta nyumba hajali iko upande gani wa State Line Road. Texarkana imekwenda mbali zaidi. Jengo lake la mahakama ya shirikisho limekalia mpaka wenyewe, nusu Texas, nusu Arkansas.

Swali ambalo wageni huuliza kwa urahisi, yaani "nihamishe vipi leseni yangu ya nyumba kutoka jimbo hili kwenda lile", lina jibu linaloudhi: haihamishwi. Marekani haina leseni ya taifa ya kuuza nyumba. Kuna ya Ohio, ya Georgia, ya Nevada, na kadhalika hadi majimbo 50 yaishe, kisha kuna ya Wilaya ya Columbia, lilipo jiji la Washington. Kila moja hutolewa na tume au idara ya jimbo lake, na uwezo wake unaishia mpakani. Kinachoitwa kuhamisha ni kuomba leseni mpya kabisa mahali pengine, huku ile ya kwanza ikitumika kama ushahidi kwamba mwombaji si mgeni wa kazi. Ushahidi huo una uzito gani? Inategemea unabisha hodi mlango upi.

Kwa msomaji wa Nairobi jambo hili ni geni kidogo. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Mali Isiyohamishika, Sura ya 533, na bodi moja ya usajili. Aliyesajiliwa anaweza kuuza nyumba Kisumu asubuhi na kiwanja Malindi jioni bila kumwomba gavana yeyote ruhusa. Mkenya huyo akifika Dallas au Minneapolis, akasoma, akafaulu na kupata leseni, huchukulia kwamba amepata leseni ya Marekani. Huigundua hali halisi siku anapoamua kuhama.

Mgawanyiko huu una historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu yeyote mwenye kofia na ulimi mwepesi aliweza kuuza ardhi. Chama cha kitaifa cha madalali kilianzishwa Chicago mwaka 1908, na hao wenyewe ndio waliokuwa mstari wa mbele kudai sheria ya leseni, wakisema matapeli wanawaharibia jina. Ukweli ni kwamba walitaka pia kupunguza ushindani, na nia hizo mbili zimeishi nyumba moja tangu hapo. California ilitunga sheria mwaka 1917, ikakwama mahakamani, ikatungwa upya mwaka 1919 na safari hiyo ikasimama. Mwaka 1922, katika shauri lililotoka Tennessee, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba jimbo lina haki ya kuwataka madalali wawe na leseni. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na kila jimbo likaingia kwa mwendo wake.

Florida iliingia kwa kuungua. Mwaka 1925 Miami ilikuwa na wazimu wa ardhi. Vijana waliovaa suruali fupi za gofu walijazana Flagler Street wakiuza stakabadhi za amana, yaani karatasi iliyothibitisha kwamba fulani ametanguliza kiasi kidogo cha bei ya kiwanja. Karatasi hiyo ilipita mikono mingi kabla hata malipo ya kwanza hayajafika, kila mkono ukiongeza faida yake juu, na wengi wa wanunuzi hawakuwahi kukanyaga kiwanja chenyewe. Vingine vilikuwa chini ya maji. Mwaka huohuo jimbo likaunda Tume ya Mali Isiyohamishika ya Florida. Kimbunga cha Septemba 1926 kilimaliza kilichobaki cha sherehe hiyo. Karibu miaka 100 baadaye tume hiyo bado ipo, na ni miongoni mwa zile zenye masharti ya kuvutia zaidi kwa anayehama.

Kabla ya masharti hayo, neno moja kuhusu ngazi za kazi yenyewe. Karibu kila jimbo lina ngazi mbili. Ya chini ni wakala, anayeonyesha nyumba na kuwasindikiza wateja. Ya juu ni broka, mwenye mamlaka ya kufungua ofisi na kupokea kamisheni. Wakala hawezi kufanya kazi kivyake; leseni yake hutundikwa kwa broka, na hata fedha alizozitolea jasho hupitia kwanza kwenye akaunti ya broka huyo. Kupanda kutoka chini hadi juu huhitaji uzoefu: miezi 24 ndani ya miaka 5 kwa Florida, miaka 2 ndani ya 5 kwa California, miaka 4 ndani ya 5 kwa Texas. Anayehama jimbo, basi, anahama leseni na bosi kwa pamoja. Mwenye leseni mpya asiye na broka wa kumpokea ana kipande cha karatasi tu.

Sasa chukua wakala wa kufikirika. Anaishi Marietta, kaskazini ya Atlanta, mahali penye Wakenya wengi. Ana leseni ya Georgia ya miaka kadhaa, jina lake ni safi, na wateja wake wamemfikia kupitia kanisa na makundi ya WhatsApp. Mumewe amepata kazi Tampa. Anafunga mizigo, anahamia Florida mwezi wa Januari, anawaandikisha watoto shule, anatafuta nyumba ya kupanga, anapumzika kidogo. Mwezi wa Juni anakaa chini kujaza fomu ya leseni.

Amechelewa.

Florida ina makubaliano ya kutambuana na majimbo machache, na Georgia imo. Aliyepata leseni katika mojawapo ya majimbo hayo husamehewa kozi ya saa 63 ya wanaoanza na mtihani wake wa maswali 100. Badala yake hufanya mtihani mfupi wa maswali 40, yote kuhusu sheria za Florida, na akipata 30 amefaulu. Lakini mlango huo ni wa wasio wakazi tu. Na kwa kanuni za tume, aliyekaa Florida mfululizo kwa miezi 4 au zaidi katika mwaka uliotangulia tayari ni mkazi. Wakala wetu wa Marietta, kwa kuhama kwanza na kujaza fomu baadaye, amejifungia mlango kwa mikono yake. Atarudi darasani pamoja na vijana wasiowahi kuuza hata kibanda, akafundishwa maana ya rehani.

Angejaza fomu akiwa bado Georgia, angefika Tampa na leseni mfukoni.

Mtu anaweza kuuliza kama haiwezekani kuzunguka. Wakala wa California, ambaye jimbo lake halimo kwenye orodha ya Florida, si angepata kwanza leseni ya Georgia kwa njia rahisi, kisha akaitumia hiyo kuingilia Florida? Florida imeliwaza hilo mapema: inataka leseni ya kwanza iwe imepatikana kwa masomo na mtihani wa jimbo husika, si kwa kutambuliwa. Njia ya panya imezibwa.

Georgia yenyewe ina roho nyeupe zaidi. Kwa kawaida humpokea wakala wa jimbo lolote ambaye alifanya mtihani kwao na ambaye leseni yake haina doa, bila kumrudisha kwenye chumba cha mtihani. Kwa miaka mingi kanuni hiyo ilikuwa na chale moja: mkazi wa Florida alitakiwa kufanya sehemu ya mtihani inayohusu sheria za Georgia, kwa kuwa Florida nayo huwatahini wa Georgia. Ndivyo majirani wanavyokomoana kwa adabu.

Colorado na Virginia zimekaa katikati. Mtihani wa udalali katika majimbo mengi una vipande viwili: kimoja cha mambo ya jumla yanayofanana nchi nzima, kama rehani, mikataba, tathmini ya bei na sheria za shirikisho dhidi ya ubaguzi katika makazi, na kingine cha sheria za jimbo. Aliye na leseni hai kutoka kwingine huambiwa: kile cha kwanza tumekisamehe, njoo ukae kwenye cha pili. Kwa maoni ya mwandishi wa sura hii, huo ndio mpango wenye akili kuliko yote, na sababu yake itaonekana punde.

Kisha kuna majimbo makubwa mawili yasiyoyumba. California haimtambui yeyote. Uwe umeuza nyumba New Jersey miaka 20, itakutaka uonyeshe kozi tatu za kiwango cha chuo, saa 45 kila moja, jumla saa 135, kisha ukae kwenye mtihani wa maswali 150 na upate asilimia 70. Kozi ulizosoma kwingine zinaweza kuhesabiwa zikilingana, na hapo ndipo watu hujikuta wakitafuta cheti cha matokeo kutoka shule iliyokwisha kufunga milango. Texas nayo hutaka saa 180, kozi sita za saa 30, idadi inayoishinda karibu kila jimbo. Michigan na Massachusetts huridhika na saa 40.

Tulia kwenye namba hizo kidogo. Kununua nyumba Detroit si rahisi mara nne na nusu kuliko kununua nyumba Houston. Kama saa za darasani zingekuwa kipimo cha ulinzi wa mnunuzi, basi watu wa Boston wangekuwa wanaibiwa mchana kweupe huku wa Dallas wakilala milango wazi. Saa hizo zilikua kwa siasa za kila bunge, kwa nguvu za shule zinazouza kozi, na kwa hamu ya walio ndani kuwachelewesha walio nje.

Lakini itakuwa kosa kuhitimisha kwamba mipaka yote hii ni hila za kulinda ugali. Sheria za ardhi kweli hubadilika mtu anapovuka, na hubadilika mahali pa hatari. Chukua nyumba ya dola 300,000. Ikiuzwa Georgia, kodi ya uhamisho wa hati ni dola 300. Ikiuzwa Florida, nje ya wilaya ya Miami-Dade, kodi ya stempu kwenye hati ni senti 70 kwa kila dola 100, yaani dola 2,100. Ikiuzwa Texas, kodi ya namna hiyo haipo kabisa. Wakala anayemkadiria muuzaji fedha atakazobaki nazo mkononi kwa hesabu za jimbo alilotoka atakuwa amemdanganya bila kukusudia, na muuzaji ataligundua hilo mezani siku ya kutia sahihi.

Meza yenyewe nayo haifanani. Georgia na South Carolina humtaka wakili asimamie ukamilishaji wa mauziano. Huko California wakili haonekani. Kampuni ya amana hushika fedha na nyaraka hadi masharti yote yatimie, na mnunuzi na muuzaji wanaweza wasikutane hata siku moja. Texas mkataba si wa kuandika upendavyo: tume ya jimbo imechapisha fomu zake, mawakala wanalazimika kuzitumia, na wakala anayejitia uwakili kwa kubuni vifungu vyake anajitafutia kesi. Ndani ya fomu hizo kuna kipindi ambacho mnunuzi hukilipia kiasi kidogo ili awe na haki ya kujitoa kwa sababu yoyote ile, au bila sababu. Wakala mgeni asiyekijua kipindi hicho ataziacha siku zake zipite, na mteja wake atabaki amefungwa na nyumba yenye msingi uliopasuka.

Kuna mambo ya ndoa pia. Texas na California ni kati ya majimbo tisa ambako mali iliyochumwa ndani ya ndoa kwa kawaida ni ya wanandoa wote wawili, hata kama hati ina jina moja. Georgia na Florida hazimo. Texas huongeza ulinzi wa nyumba ya familia: mwenzi asiyetia sahihi anaweza kulikwamisha dili zima, jina lake liwe kwenye hati au lisiwe. Dalali wa Atlanta hana sababu ya kuuliza swali hilo siku ya kwanza. Wa San Antonio asipouliza ni mzembe.

Na wafu wana sheria zao. California humtaka muuzaji amfichulie mnunuzi kifo kilichotokea ndani ya nyumba katika miaka 3 iliyopita. Texas haimlazimishi mtu kutaja kifo cha kawaida, cha kujiua, au cha ajali isiyohusiana na hali ya nyumba. Majanga pia yameacha alama kwenye vitabu vya sheria: tetemeko la San Fernando la mwaka 1971 ndilo lililozaa, mwaka uliofuata, sheria ya California inayotaka mnunuzi aambiwe kama kiwanja kiko kwenye ukanda wa ufa wa ardhi. Jengo la ghorofa lililoporomoka Surfside, Florida, usiku wa tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98, lilifuatwa mwaka 2022 na sheria inayotaka majengo ya pamoja ya ghorofa 3 na zaidi yakaguliwe yafikapo miaka 30. Sasa hakuna anayeuza fleti ya zamani kando ya bahari Florida bila kuulizwa ripoti ya ukaguzi na akiba ya ukarabati. Wakala aliyetoka Denver, ambako mteja angeuliza zaidi kuhusu haki ya maji, hakuwahi kuyafikiria hayo.

Ndiyo maana mtihani mfupi wa sheria za jimbo unaeleweka, na kozi ya saa 180 kwa mtu mwenye uzoefu haieleweki.

Arizona ilijaribu kulivunja fundo hili kwa panga moja. Mwezi wa Aprili 2019 gavana Doug Ducey alitia sahihi sheria iliyolifanya jimbo hilo kuwa la kwanza kuzitambua leseni za kazi za majimbo mengine kwa ujumla, kuanzia vinyozi hadi wahandisi. Masharti ni kwamba leseni iwe na umri wa angalau mwaka mmoja, isiwe na doa, na mwenyewe awe amehamia Arizona. Kwa madalali mtihani wa sheria za jimbo ulibaki. Majimbo mengine kadhaa yamefuata mkondo huo. Lakini angalia kejeli iliyopo: Arizona inampokea aliyekwisha kuwa mkazi, Florida inampokea ambaye bado hajawa. Familia inayohama inahitaji kalenda kabla ya kuhitaji lori.

Kundi moja limepata nafuu ya kitaifa. Wake na waume wa wanajeshi huhamishwa kila baada ya miaka michache, wasipende wala wasiombe, na kwa muda mrefu kila uhamisho ulimaanisha kuanza upya. Sheria ya shirikisho iliyotiwa sahihi tarehe 5 Januari 2023 iliwapa wao na wanajeshi wenyewe haki ya kuendelea kutumia leseni zao za kazi katika jimbo wanakopelekwa kwa amri ya jeshi, mradi leseni ilikuwa safi na waliitumia katika miaka 2 iliyotangulia. Wakati huo mawakili hawakuingizwa. Madalali wa nyumba wamo.

Wengine wote hupitia makaratasi, na hatua inayochelewesha wengi ni barua moja ya kuchosha: cheti cha historia ya leseni. Tume ya jimbo la zamani hukitoa, kikionyesha mwombaji alipata leseni lini, kwa njia ipi, imewahi kusimamishwa au la, na kama kuna malalamiko dhidi yake. Jimbo jipya haliridhiki na nakala ya leseni iliyotundikwa ukutani. Linataka cheti hicho kutoka kwa wenzao moja kwa moja, na kiwe cha karibuni. Aliyeiacha leseni yake ya zamani ife, kwa kuwa "si nahama?", huambiwa kwamba hana kitu cha kutambuliwa. Hilo ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya lile la wakala wetu wa Marietta, na baadhi ya majimbo hukaza zaidi: leseni iliyopatikana kwa kutambuliwa hudumu tu maadamu ya nyumbani nayo iko hai.

Alama za vidole nazo hupigwa upya. Mtu anaweza kuwa amechunguzwa mara tatu na majimbo matatu, na la nne likamtuma tena kwenye kile kioo cha kuwekea vidole.

Kwa anayeona yote haya ni mzigo, na ambaye hahami bali ana mteja anayehama, kuna njia ya halali isiyohitaji leseni ya pili, na wazoefu huipenda kuliko wanavyokiri. Tuseme Mtanzania wa Lowell, Massachusetts, amechoshwa na theluji na anataka kununua nyumba Houston. Anamwandikia kwenye WhatsApp wakala anayemfahamu na kumwamini, wa hapohapo Lowell. Wakala huyo hawezi kumtafutia nyumba Texas. Anachoweza ni kumkabidhi kwa wakala wa Houston, kwa makubaliano ya maandishi kati ya mabroka wao wawili, kisha akangoja. Nyumba ya dola 400,000 ikinunuliwa, na kamisheni ya upande wa mnunuzi ikiwa asilimia 2.5, hiyo ni dola 10,000. Ada ya kumleta mteja ikikubaliwa kuwa asilimia 25, dola 2,500 husafiri kutoka kwa broka wa Houston hadi kwa broka wa Lowell, ambaye humgawia wakala wake fungu lake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayokataza bahashishi katika mauziano ya nyumba inaruhusu waziwazi mgawo wa namna hii, mradi uwe kati ya madalali.

Mpaka wa ruhusa hiyo ni mwembamba, na tamaa huupitia kwa urahisi. Kutoa jina na namba ya simu ni sawa. Kumpigia muuzaji wa Houston kujadili bei "kwa niaba ya ndugu yetu" si sawa, hata kama mteja mwenyewe ndiye aliyeomba. Florida huichukulia kazi ya udalali bila leseni kama kosa la jinai la daraja la tatu, ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 5 na faini dola 5,000. Mkataba wa kamisheni uliofungwa na asiye na leseni ni batili huko, na akikataliwa malipo hana pa kwenda kushtaki. Baada ya janga la korona, Florida ilipofurika wahamiaji hadi ikawa jimbo linalokua kwa kasi kuliko yote mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1957, mawakala wengi wa New York waliona wateja wao wa miaka mingi wakiruka kwenda Miami. Wenye busara walichukua ada ya kuwaleta au wakaomba leseni.

Na aliyepata leseni mpya asidhani amemaliza. Florida humpa wakala mpya muda hadi mwisho wa kipindi cha kwanza cha leseni awe amesoma saa nyingine 45. Asiposoma, leseni yake inafutika kana kwamba haikuwahi kutolewa, na njia ya kuirudisha ni kuanza na kozi ya saa 63 na mtihani. Texas humtaka aongeze saa 90 juu ya zile 180 kabla ya kuhuisha leseni kwa mara ya kwanza, na saa hizo humkuta wakati bado hajamfahamu hata fundi mmoja wa kukagua nyumba katika mji aliohamia.